Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za mbegu na maabara za miche: mauzo ya mwaka jana si mahitaji ya mwakani

Waheshimiwa wakurugenzi watendaji, wajumbe wa bodi na mameneja wakuu,

Barua hii inatoka kwa watu wanaoshughulika na takwimu, mashamba ya kuzalisha mbegu na maabara za miche ya tishu, yaani miche inayokuzwa chupani kutoka vipande vidogo vya mmea, Tanzania na Kenya. Tunaiandika hadharani kwa kuwa tunalolisema haliihusu kampuni moja. Miaka ya karibuni kampuni nyingi za mbegu zimenunua dashibodi, zimeajiri mchambuzi mmoja au wawili, na zimeandika kwenye mpango mkakati kwamba maamuzi yatafuata data. Hatuna ugomvi na sentensi hiyo. Ugomvi wetu ni mahali mchambuzi anapoketishwa. Anaitwa bajeti ikishapita, aje kupamba slaidi za robo mwaka. Kufikia hapo uamuzi uliobeba faida au hasara ya msimu ulishafanyika miaka miwili nyuma au zaidi, siku mtu alipoandika ni kilo ngapi za mbegu wazazi, yaani zile zinazozaa mbegu ya kuuza, zipandwe. Na mara nyingi aliziandika kwa kutazama mauzo ya mwaka uliotangulia na kuongeza asilimia 10.

Tuanze na kilo hizo, maana mkakati wenyewe umo humo. Tuseme mnataka kuuza tani 1,000 za chotara ya mahindi ya wazazi watatu. Namba ni za mfano, kila mmoja aweke za kwake. Shamba la mbegu likitoa tani 2 za mbegu safi kwa hekta, mnahitaji hekta 500. Kila hekta, kwa mpangilio wa mistari minne ya jike (anayetoa mbegu) na miwili ya dume (anayetoa chavua), huchukua kama kilo 15 za mbegu ya jike, jumla tani 7.5. Jike huyo naye ni chotara ya wazazi wawili. Huzalishwa msimu mmoja nyuma, kwa mama dhaifu, aliyezalianishwa mwenyewe kwa mwenyewe vizazi vingi, ambaye ni bahati akitoa kilo 800 kwa hekta, kwa hiyo zinatakiwa hekta 9.4 zilizotengwa mbali na mahindi mengine yote. Mbegu ya mama huyo, kilo 140 hivi, huzalishwa msimu mwingine nyuma ya huo. Aliyepunguza kilo 50 kule juu amepunguza tani 350 hivi kule chini, na hakuna fedha ya dharura inayoweza kuzirudisha. Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja, misimu hiyo mitatu bila umwagiliaji ni miaka mitatu.

Mtu hawezi kutabiri mahitaji ya miaka mitatu mbele kwa usahihi, na mchambuzi anayewaahidi hivyo msimwajiri. Anachoweza kuwaonyesha ni mahali akiba inapokaa kwa bei nafuu. Kuongeza kilo 100 za mbegu ya mama na kuziweka kwenye chumba baridi ni gharama ndogo, na kwa unyevu mdogo na baridi ya kutosha zinadumu miaka kadhaa. Kuongeza tani 200 za mbegu iliyokwisha kupakiwa ni kufunga mtaji mkubwa kwenye kitu kinachopoteza uotaji kila mwezi. Akiba iwekwe juu, karibu na mzazi, na chini muwe na mikataba ya wakulima wa mbegu na maji ya umwagiliaji ya kuwawezesha kupanua eneo msimu mmoja kabla. Kampuni nyingi zinafanya kinyume. Kule juu hubana kwa gramu, na kule chini hujaza ghala.

Sasa hayo mauzo ya mwaka jana. Namba iliyo kwenye mfumo wenu wa hesabu ni ya mbegu iliyotoka ghalani kwenda kwa wakala. Si ya mbegu iliyofika shambani, na si ya mbegu ambayo mkulima aliitaka. Kati ya namba hizo tatu mna mifereji miwili inayovuja, kila mmoja kuelekea upande wake.

Mfereji wa kwanza ni kuishiwa. Chukueni duka la pembejeo lililopokea pakiti 100 za kilo 2, likamaliza mwisho wa wiki ya pili ya msimu wa wiki tano. Kwenye mfumo linaonekana limeuza 100, na mwakani linapangiwa 110. Hesabu inayofaa huanza kwa kutenga maduka ambayo hayakuishiwa hata siku moja, kisha kuangalia sehemu gani ya mauzo yao ilifanyika katika wiki mbili za mwanzo. Ikiwa ni asilimia 40, basi mahitaji ya duka lile yalikuwa karibu pakiti 250, si 100. Kitu pekee kinachohitajika ni tarehe ambayo kila aina iliisha kwenye kila duka. Maduka 50 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu katika kila kanda, yakipigiwa simu kila Jumatatu kwa wiki nane, yanatosha kuwapa sura ya kanda nzima. Muuza duka anaulizwa maswali mawili tu: zimebaki ngapi, na kama zimeisha, ziliisha lini. Jihadharini na jambo moja. Aina moja ikiisha, mkulima huchukua iliyopo, na hiyo iliyopo huonekana imependwa. Msipotenganisha mauzo ya kupendwa na mauzo ya kukosa chaguo, mtaongeza uzalishaji wa mbegu ambayo mkulima aliichukua kwa shingo upande.

Mfereji wa pili ni kusukuma. Afisa mauzo analipwa bonasi kwa tani zilizotoka ghalani kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, kwa hiyo wiki za mwisho malori hujaa, mawakala hupewa mkopo wenye haki ya kurudisha, na mbegu hukaa kwenye stoo ya bati yenye joto hadi irudishwe miezi minne baadaye ikiwa imechoka. Kwenye ripoti ya mauzo ni ushindi. Urejeshaji huja kuonekana mwaka unaofuata, kwenye mstari mwingine wa hesabu, na pengine chini ya meneja mwingine. Hakuna dashibodi itakayoponya hili. Badilisheni bonasi ilipwe kwa mbegu iliyouzwa dukani ukitoa iliyorudishwa, nanyi mtaona utabiri wa timu ya mauzo unavyopata adabu ndani ya misimu miwili.

Wenzetu walioko Kenya wana chanzo kingine ambacho wengi hawakitumii. Lebo ya KEPHIS, shirika la serikali la Kenya linalokagua mbegu na afya ya mimea, yenye namba ya kukwangua, inayotumwa kwa ujumbe kwenda 1393, iliwekwa kumlinda mkulima dhidi ya mbegu feki. Lakini kila ujumbe ni alama ya wakati: pakiti ya loti fulani, yaani fungu moja la mbegu lililozalishwa na kupimwa pamoja, imefunguliwa leo. Taarifa zikipatikana kwa jumla, kwa loti na kwa wiki, bila namba za simu za watu, zinaonyesha mbegu ilichukua siku ngapi toka ghalani hadi mkononi, na loti gani inaulizwa sana kutoka mahali isikopelekwa. Dalili hiyo ya pili ndiyo ya kuwakosesha usingizi. TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibitisha ubora wa mbegu, nao wana uhakiki wa lebo kwa simu. Yakusanywayo huko yaombwe kwa utaratibu rasmi, kwa kuwa Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na namba ya simu ya mkulima iko ndani ya sheria hizo.

Kuna uchafu mwingine kwenye takwimu za zamani, na tutaupitia haraka. Miaka ya vocha za pembejeo Tanzania, mfumo ulioanza msimu wa 2008/09, ilipandisha mauzo ya mbegu kwa sababu ambazo hazikuwa soko. Miaka ya ukame ilihamisha wakulima kutoka mbegu za muda mrefu kwenda za muda mfupi. Mwaka wenye ruzuku, marufuku ya kuuza mahindi nje au ukame uwekewe alama kwenye jedwali. Mstari unaochorwa kupita miaka hiyo yote kana kwamba ni sawa haufai kupangia chochote.

Tukishapata makadirio ya mahitaji yenye akili, swali ni kuzalisha kiasi gani. Hapa huwa tunasikia jibu la hofu (“tusizalishe sana, itabaki”) au la tamaa (“soko lipo”). Hesabu yake ni ya zamani na inajulikana kwa jina la muuza magazeti, kwa kuwa gazeti la jana halinunuliwi. Unalinganisha hasara ya kilo iliyokosekana na hasara ya kilo iliyobaki. Kiwango sahihi ni kile ambacho uwezekano wa mahitaji kutokizidi ni sawa na hasara ya kukosa, ukiigawanya kwa jumla ya hasara hizo mbili.

Tuweke shilingi za mfano. Mbegu ghafi 3,000 kwa kilo, dawa na pakiti 500, bei ya kumuuzia wakala 6,000. Kilo iliyokosekana imewanyima 2,500. Kilo iliyobaki je? Inategemea imebaki ikiwa katika hali gani, na hapo ndipo wengi hawaangalii. Mbegu iliyokwisha kupakwa dawa haiwezi kuuzwa kama nafaka, ni sumu. Ikishuka uotaji inateketezwa, na mmepoteza 3,500 pamoja na 300 za kuteketeza. Uwiano ni 2,500 kwa 6,300, yaani asilimia 40. Mbegu isiyopakwa dawa mnaweza kuiuza kama mahindi ya kusaga kwa 700. Hasara ni 2,300, na uwiano unapanda hadi 52. Mbegu isiyopakwa dawa na iliyohifadhiwa vizuri hadi msimu ujao inaokoa 3,000 za uzalishaji mpya. Toeni 400 za hifadhi na vipimo na 450 za sehemu itakayokataliwa, hasara inabaki 850 tu. Uwiano unafika karibu 75.

Mahitaji yakikadiriwa tani 1,000 kwa wastani, na mtawanyiko (kiasi ambacho mahitaji huyumba kwa kawaida kutoka wastani) wa 250, hesabu ya kwanza inawaambia mzalishe takriban tani 940, ya pili 1,010, ya tatu 1,165. Kampuni ni ileile, soko ni lilelile, mvua ni ileile. Tani 225 za tofauti zimetoka kwenye maamuzi mawili ya kawaida kabisa: lini mnapaka dawa, na mnahifadhi wapi. Bodi inayojadili “mkakati wa ukuaji” bila kujua mashine ya kupaka dawa inawashwa tarehe ngapi inajadili nusu ya jambo. Ushauri wetu ni kwamba mpake na kupakia kwa mafungu, la kwanza lisizidi asilimia 60 ya makadirio, linalofuata baada ya simu za wiki ya pili. Pakiti ya kilo 2 ikishafungwa kwa ajili ya aina moja na kanda moja, uhuru wenu wa kuamua umekwisha.

Kuhusu hifadhi, kanuni ya Harrington inawafaa hata wasio wanasayansi: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, uhai wake ghalani huongezeka mara mbili hivi, na kila unaposhusha joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Ni kanuni ya makadirio, haishiki nje ya unyevu wa asilimia 5 hadi 14, lakini inatosha kwa kupanga. Mbegu iliyo ghalani Dar es Salaam kwa nyuzi 30, ikihamishiwa Njombe au Arusha kwa nyuzi 20, imeongezewa uhai mara nne kwa nauli ya lori. Ikikaushwa toka asilimia 13 hadi 11, ni mara nne nyingine. Tahadhari: pakiti ya karatasi hupumua. Mbegu iliyokaushwa vizuri ikikaa pwani kwenye karatasi hurudisha unyevu wake, na fedha ya kukausha inakuwa imepotea. Tena msiamini kipimo cha uotaji peke yake kwa mbegu ya mwaka wa pili. Loti mbili zinaweza zote kuota asilimia 92 maabara, moja ikafika shambani kwenye udongo wa baridi na ikazubaa. Kipimo cha nguvu ya mbegu, cha kuizeesha kwa joto na unyevu kabla ya kuiotesha, kinazitenganisha, na mchambuzi akiwa na matokeo hayo kwa kila loti anaweza kuwaambia loti gani iuzwe mwanzo na ipi ipelekwe mbali.

Tuje kwenye orodha ya aina mnazouza. Ripoti za mauzo huonyesha aina tano, sita, na bodi huridhika kwamba kampuni haitegemei bidhaa moja. Mwombeni mchambuzi achore orodha hiyo upya kwa wazazi badala ya majina ya biashara. Kama nne kati ya aina sita zina jike mmoja, mna bidhaa moja yenye pakiti nne. Septemba 2011 Bomet, Kenya, iliwaonyesha wote maana yake. Ugonjwa hatari wa mahindi unaoletwa na virusi viwili vikikutana, wa madoa ya manjano na wa mozaiki ya miwa, ulikuta aina nyingi zilizokuwa sokoni hazina ukinzani, na mwaka uliofuata ulikuwa umeshafika Tanzania. Kituo cha kuchunguza ukinzani kilichofunguliwa Naivasha mwaka 2013 na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, pamoja na watafiti wa serikali ya Kenya kiliwapa wazalishaji mahali pa kupima wazazi wao. Alama za ukinzani za kila mzazi zikae kwenye jedwali lilelile lenye mapato ya kila aina. Zikikaa kwenye faili la mtafiti na mapato yakikaa kwa mhasibu, hakuna atakayeona kwamba asilimia 70 ya mapato imesimama juu ya mzazi mmoja aliyepata alama mbaya.

Na kufuta aina za zamani? Hapa hatukubaliani na washauri wanaokuja na chati ya mzunguko wa maisha ya bidhaa. H614D, chotara ya mahindi, iliidhinishwa Kenya mwaka 1986 na bado kuna wakulima wa nyanda za juu wanaoiulizia kwa jina. Mkulima habadilishi mbegu kama anavyobadilisha simu. Lakini kila aina ya zamani inayobaki inakula hekta za kutengwa, loti za vipimo, na usafishaji wa mitambo kati ya aina na aina. Aina inayouza tani 15 inaweza kuchukua siku nyingi za kiwanda kuliko inayouza 300. Hesabuni faida kwa siku ya mtambo na kwa hekta iliyotengwa, si kwa kilo, kisha ndipo mzungumze kuhusu kufuta.

Majaribio ya shambani yanahitaji kusemwa bila kumung'unya maneno. Slaidi inayoandikwa “aina yetu mpya imeshinda ya kulinganishia kwa asilimia 12” kwa jaribio la kituo kimoja, marudio matatu, haisemi kitu. Mtawanyiko wa asilimia 20, ambao ni wa kawaida kwenye majaribio ya mahindi yetu, ukiugawa kwa marudio matatu, tofauti ndogo inayoweza kuaminika ni karibu asilimia 33. Mkiwa na vituo 12 vyenye marudio matatu kila kimoja, inashuka hadi 9 hivi, na hapo tumepuuza kwamba aina hubadilishana nafasi toka kituo hadi kituo. Fedha ikiwa ndogo, ongezeni vituo, si marudio. Na nusu ya vituo viwe kwa mbolea ile ambayo mkulima wenu anaweka kweli. Aina inayoongoza kwa tani 8 kwenye kituo cha utafiti mara nyingi si ileile inayoongoza kwa tani 2 kwenye shamba la kawaida, na wateja wenu wengi wako kwenye tani 2.

Kwa wenye maabara za miche ya migomba, mihogo au viazi, mkakati wenu uko kwenye asilimia ya chupa zinazochafuka. Chukueni vikonyo 20 vya mgomba, vinavyozaa mara tatu kwa kila mzunguko wa kukatwa na kupandwa upya chupani, mizunguko saba. Uchafuzi ukiwa asilimia 5 kwa kila mzunguko, mnafika miche 30,500 hivi. Ukiwa 12, mnafika 17,900. Tofauti ya asilimia saba tu imekula zaidi ya theluthi moja ya bidhaa, kwa sababu inajirudia mara saba. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja hubeba migomba 450, kwa hiyo agizo la ekari 67 limekuwa la ekari 39, na mkulima aliyekwisha chimba mashimo anasubiri.

Wastani wa mwezi wa uchafuzi hausaidii. Kila chupa iandikwe mama iliyotoka, mzunguko wa ngapi, fundi, kabati la hewa safi, fungu la chakula cha miche na tarehe. Kisha someni mpangilio. Chupa zisizopandwa kitu zikichafuka pamoja na zilizopandwa, tatizo ni otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu: haikufika nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20, au ilijazwa chupa kubwa kwa muda wa chupa ndogo. Ukungu ukitokea juu ya chakula, ndani ya siku chache, kwenye chupa za fundi mmoja au kabati moja, angalieni chujio na mikono. Utando wa bakteria ukianzia chini ya shina, kwa mafundi tofauti, lakini wote toka mama mmoja, bakteria wamo ndani ya mmea wenyewe, na hakuna kusafisha kutakakowatoa. Tupeni ukoo mzima. Hapa ndipo hasara hufichwa. Bakteria wa ndani huweza kutulia mizunguko mitatu minne bila kuonekana, na meneja anayesukumwa na agizo hupitisha chupa “zilizochafuka kidogo”. Vilevile wekeni ukomo wa mizunguko, wengi husimama kwenye nane au kumi. Baada ya hapo migomba yenye umbo geni huongezeka, na mkulima huigundua mkungu unapotoka, mwaka mmoja baada ya kuwalipa. Miche ya mihogo nayo isitoke bila mama kupimwa virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia.

Uhandisi jeni tunauweka peke yake, kwa sababu ndipo mifano ya hesabu hutumika vibaya zaidi. Mahindi yaliyobadilishwa jeni yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016. Januari 2021 Serikali ya Tanzania ikasitisha majaribio hayo. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vilivyobadilishwa jeni (GMO) Novemba 2012, ikaidhinisha pamba ya Bt, yenye jeni ya kujikinga na viwavi, Desemba 2019, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, kisha suala likaingia mahakamani. Nigeria ikaruhusu mahindi ya TELA, nayo yaliyobadilishwa jeni, mwaka 2024. Mtu akichukua historia hii akaipa “uwezekano wa asilimia 60” na kuizidisha na faida inayotarajiwa, anapata namba ambayo haipo katika hali yoyote ile: wakiruhusu ni ndogo mno, wakizuia ni kubwa mno. Chora matawi, moja kwa kila hali inayoweza kutokea. Kwenye kila tawi uliza ungefanya nini mwaka huu, kisha tafuta yale yanayofanana kwenye matawi yote. Mradi wa WEMA wa mahindi yanayostahimili ukame Afrika, ulioanza 2008, una somo hapa. Ulipokuwa ukisubiri vibali vya jeni, ulizalisha pia chotara za kawaida zinazostahimili ukame, na ya kwanza, WE1101, iliidhinishwa Kenya mwaka 2013. Wazazi wazuri wana thamani jeni iruhusiwe isiruhusiwe. Fedha ya mwanzo iende kwao, na fedha ya kupanua uzalishaji wa mbegu yenye jeni isubiri kibali mkononi.

Mvua inaingia pia kwenye kalenda yenu. Vuli hutabirika kuliko masika, kwa kuwa El Niño na hali ya Bahari ya Hindi huisukuma kwa nguvu zaidi. Utabiri wa vuli wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, na wa mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu hutoka kuelekea mwisho wa Agosti. Hiyo ndiyo wiki ya kuamua mgawanyo kati ya mbegu za siku 90 na za siku 120 kwa maeneo ya mvua mbili, na mbegu lazima iwe bado haijapakiwa ili uamuzi huo uwe na maana. Kwa masika msiwe jasiri hivyo. Gawanyeni kwa wastani wa miaka mingi na muweke fungu la mwisho nyuma.

Tunachoomba kwenu ni hiki. Mchambuzi akae kwenye kikao cha kupanga mbegu wazazi, awe na haki ya kuandikwa kwenye kumbukumbu anapotofautiana na meneja wa mauzo. Makadirio yaandikwe kama wigo, chini, kati na juu, na kila msimu ukiisha yalinganishwe na kilichotokea, kwa kanda na kwa aina, mbele ya bodi. Asiyetaka wigo aulizwe ni kwa nini ana hakika. Kikao kijacho kisianze na chati ya mapato. Kianze na karatasi moja yenye kilo za kila mzazi zilizopo kwenye chumba baridi na uotaji wake, tarehe za kuishiwa dukani za msimu uliopita, urejeshaji kwa loti, sehemu ya mapato inayotegemea kila mzazi, na kwa wenye maabara, uchafuzi kwa kila mzunguko. Ukiacha tarehe za dukani, zinazotoka kwenye simu za Jumatatu, taarifa hizo mnazo tayari, zimetawanyika kwa mtafiti, mkuu wa ghala, mhasibu na fundi. Wapeni wiki tatu na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzikusanya.

Wenu katika kazi,

Wachambuzi wa takwimu, wazalishaji wa mbegu na mafundi wa maabara za miche